Video wima imeharibika baada ya kuitoa au kuipakia: dalili, chanzo na dawa

Video ilikuwa safi kwenye programu ya kuhariri, lakini ilipofika mtandaoni ikawa kama imepigwa kupitia kioo chenye vumbi. Hilo ndilo lalamiko ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine yote, na karibu kila anayelileta ameshaamua kwamba jukwaa, yaani YouTube, TikTok au Instagram, ndilo lililomharibia kazi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa lilikuwemo ndani ya faili kabla halijapakiwa, na lingine lilianza siku ileile ya kurekodi.

Kwa hiyo, kabla hujagusa mpangilio wowote, itazame video sehemu tatu. Kwanza, klipu ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera. Pili, faili ulilotoa (export), yaani lile linalotengenezwa na programu ya kuhariri mwishoni, ukilifungua nje ya programu hiyo, kwa kichezeshi cha video kama VLC. Tatu, video iliyokwisha kupakiwa, ukiitazama kwenye simu ya mtu mwingine. Pale kosa linapoonekana kwa mara ya kwanza ndipo pa kushughulikia. Ukiliona kwenye klipu ghafi, usipoteze saa nzima kwenye dirisha la kutoa faili.

Weka pia MediaInfo kwenye kompyuta. Ni programu ya bure, na inakusomea kila kitu kilichoandikwa ndani ya faili: upana na urefu, fremu (picha mojamoja) kwa sekunde, kodeki (njia ya kuibana video), kiwango cha biti (wingi wa data kwa kila sekunde), aina ya rangi. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanaanzia humo.

Na hiki ndicho kipimo changu cha kulinganishia. Faili la kawaida la video wima ni pikseli 1080 kwa 1920, yaani uwiano wa 9:16. Ni MP4 yenye kodeki ya H.264, fremu kwa sekunde ni zilezile ulizorekodi, rangi ni Rec. 709 (kiwango cha kawaida cha rangi za video), sauti ni ya kodeki ya AAC, kHz 48. Kuhusu kiwango cha biti, YouTube inapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080 yenye fremu 24 hadi 30, na megabiti 12 kwa fremu 50 au 60. Mimi huongeza kidogo, nikaenda 10 hadi 15, kwa sababu jukwaa litalibana tena faili hilo na ni afadhali lipate cha kubana.

## Mistari myeusi

Mistari ikiwa juu na chini, video ya mlalo imewekwa ndani ya fremu wima. Ikiwa kushoto na kulia, video wima imewekwa ndani ya fremu ya mlalo. Ikizunguka pande zote nne, makosa yote mawili yamefanyika: mradi ulifunguliwa kwa 1920 × 1080, klipu wima ikakaa katikati, faili likatoka la mlalo, kisha jukwaa likalipunguza lienee kwenye skrini ya simu. Video yako imebaki kama stempu katikati ya bahasha.

Dawa ni kubadilisha ukubwa wa mradi wenyewe. Wengi huenda kwenye dirisha la kutoa na kuandika 1080 × 1920 pale, huku mradi ukiwa bado wa mlalo. Programu itatii, lakini itaongeza mistari myeusi, au itaivuta picha mpaka nyuso za watu ziwe nyembamba na ndefu. Badilisha mradi, kisha panga upya kila klipu ndani yake, moja baada ya nyingine.

Kama klipu yenyewe ilirekodiwa mlalo, fanya hesabu kabla ya kuikata. Klipu ya 1920 × 1080 ina kimo cha pikseli 1080 tu. Kipande cha 9:16 ndani yake kina upana wa pikseli 607.5, na ili kifike 1080 lazima kikuzwe karibu mara 1.78. Ulaini utakaouona hapo umetokana na ukuzaji huo. Klipu ya 4K, yaani 3840 × 2160, inakupa kipande cha upana wa pikseli 1215, kinachotosha na kubaki. Ndiyo maana anayejua mapema kwamba atahitaji mlalo na wima kutoka klipu moja hurekodi kwa 4K.

Ukitoa kipande hicho bila kukikuza, andika 608, usiandike 607. H.264 kwa namna inavyotumika kawaida inataka namba shufwa, na programu nyingine hukataa kutoa faili bila kukuambia sababu.

## Video imelala ubavu

Simu nyingi hazigeuzi pikseli unapozishika wima. Picha huhifadhiwa ikiwa ya mlalo kama kihisi kilivyoipokea, kisha faili huwekewa alama isemayo: geuza nyuzi 90 unapoonyesha. Programu inayoipuuza alama hiyo inakuonyesha mtu aliyelala.

Kuna hali moja inayowapata sana wanaorekodi mikono juu ya meza, wanaochora, kushona au kutengeneza vifaa. Simu ikiwa imetazama chini kabisa, haiwezi kujua upande upi ni juu, hivyo huandika alama ya kubahatisha. Ishike simu wima, bonyeza kitufe cha kurekodi, ndipo uielekeze chini. Alama huandikwa mwanzoni mwa rekodi na haibadiliki hapo katikati. Kama umeshakosea, geuza klipu ndani ya programu ya kuhariri. Ukiigeuza kwanza kwa programu nyingine inayotoa faili jipya, unaibana picha mara moja ya ziada bila sababu.

## Ukungu na vijisanduku

Faili ulilotoa ni kali, lakini iliyopakiwa ina ukungu? Subiri kwanza. YouTube hutayarisha matoleo ya ubora wa chini kabla ya yale ya juu, na anayefungua video dakika mbili baada ya kuipakia anaweza kukutana na toleo la kwanza tu. Itazame tena baada ya saa moja. Baadaye angalia mipangilio ya programu uliyopakilia: Instagram na TikTok zote zina swichi ya kupakia kwa ubora wa juu, nayo huwa imefichwa mahali ambapo watu hawafiki. Iwashe, na upakie ukiwa kwenye mtandao ulio imara.

Kama faili ulilotoa tayari lina vijisanduku, fanya hesabu hii: megabiti kwa sekunde, mara sekunde, gawanya kwa 8, unapata megabaiti. Video ya dakika moja kwa megabiti 10 ni 10 × 60 ÷ 8, yaani megabaiti 75 hivi. Sasa tazama faili lako. Likiwa la megabaiti 9 kwa dakika nzima, lina megabiti 1.2 tu kwa sekunde, na hapo hakuna jukwaa la kulaumiwa. Ongeza kiwango cha biti utoe upya.

Kinachochanganya watu ni kwamba kiwango kilekile kinatosha kwa video moja na hakitoshi kwa nyingine. Kodeki huokoa nafasi kwa kuhifadhi zaidi kile kilichobadilika kati ya fremu na fremu. Mtu aliyekaa mbele ya ukuta akizungumza hubadilika mdomo na mikono, ukuta unabaki vilevile. Maji yanayotiririka, majani kwenye upepo, moshi, nguo yenye vimetameta, umati unaocheza: hapo kila pikseli inabadilika kila fremu, na biti hazitoshi. Chengachenga za picha iliyorekodiwa gizani hufanya kazi hiyohiyo ya uharibifu, kwa kuwa kodeki huzihesabu kama mwendo. Ndiyo maana nasisitiza taa kuliko kamera. Chumba chenye mwanga wa kutosha huokoa biti nyingi kuliko mpangilio wowote wa kutoa faili.

Kwa upande mwingine, kupandisha hadi megabiti 80 hakukusaidii. Jukwaa litaifunga video upya kwa kiwango chake, na wewe utakuwa umemaliza data na muda.

Chanzo ambacho wengi hawakitilii shaka ni safari ya klipu kabla ya kuhaririwa. Niliwahi kuhangaika na mahojiano ambayo kila nilipoyatoa yalikuwa na ukungu. Nilibadilisha kodeki, nikapandisha biti, nikabadilisha hata programu. Mwishowe nikafungua klipu ghafi kwenye MediaInfo: pikseli 480 kwa 848. Mpigapicha aliituma kwa msaidizi kupitia programu ya ujumbe, msaidizi akanitumia mimi kwa njia hiyohiyo, na mara zote mbili ilibanwa njiani. Maelezo yaliyokwisha kutupwa hayarudi. Klipu zitumwe kama waraka, si kama video, au kupitia hifadhi ya mtandaoni, au kwa waya. Siku hizi sianzi kuhariri chochote kabla sijasoma upana na urefu wa klipu niliyoletewa.

## Rangi zimepauka au anga imeungua

Simu nyingi za miaka ya karibuni hurekodi HDR, yaani video yenye masafa mapana zaidi ya mwanga, zenyewe bila kuulizwa. iPhone zimekuwa zikifanya hivyo kwa Dolby Vision, aina mojawapo ya HDR, tangu iPhone 12 ya mwaka 2020. Kwenye skrini ya simu hiyo picha inang'aa vizuri. Ukiiingiza kwenye mradi wa kawaida wa Rec. 709 bila kuibadilisha, namba zilezile zinasomwa kwa maana nyingine: ngozi inakuwa ya kijivu, nyeupe inaungua, au picha nzima inakosa uhai. Baadhi ya programu huiruhusu HDR ipite hadi kwenye faili la mwisho, kisha jukwaa likaishusha kwa namna yake.

MediaInfo itakuambia. Ukiona BT.2020 pamoja na HLG au PQ, hiyo ni HDR. Ukiona BT.709, yaani Rec. 709 ileile, chanzo ni kingine.

Dawa ya kudumu ni kuzima HDR kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kurekodi, isipokuwa kama unajua jinsi ya kuifanyia kazi mpaka mwisho. Kwa klipu iliyokwisha kurekodiwa, iambie programu ya kuhariri kwamba hii ni HDR na iibadilishe kuwa Rec. 709. Programu za DaVinci Resolve, Premiere Pro na Final Cut Pro zote zinaweza. Usijaribu kuirekebisha kwa kusogeza mwanga na rangi kwa mkono. Utapata fremu moja nzuri, na mtu akigeuza uso kuelekea dirishani kila kitu kinavunjika. Tatizo huwa kubwa zaidi ukichanganya klipu za simu mbili, moja yenye HDR na nyingine isiyo nayo.

Kama weusi umekuwa kijivu, au umezama hadi nywele zinageuka doa moja, tazama masafa ya viwango. Video ya kawaida huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe hadi 235. Faili la masafa kamili huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Programu moja ikiandika kwa njia hii na nyingine ikasoma kwa njia ile, tofauti inaonekana hapohapo. Waliorekodi skrini ya kompyuta hukutana na hili mara kwa mara.

## Sauti inaachana na midomo

Kuna swali moja la kuuliza hapa: je, tofauti ni ileile mwanzo hadi mwisho, au inakua?

Ikiwa ni ileile, sogeza sauti fremu chache na kazi imeisha. Lakini kwanza vua hedifoni za Bluetooth. Hizo huchelewesha sauti zenyewe, na nimeona mtu akirekebisha video iliyokuwa sawa kabisa mpaka akaiharibu. Sikiliza kwa waya au kwa spika ya kompyuta kabla hujasogeza chochote.

Ikiwa inakua, yaani sekunde ya tano iko sawa lakini sekunde ya hamsini mdomo umeshafunga neno bado linatoka, chanzo cha kawaida ni idadi ya fremu isiyo thabiti. Simu hurekodi fremu kadiri inavyoweza: ikipata joto au mwanga ukipungua, hushusha idadi. Faili linasema 30, lakini wastani wake ni 29.7. Programu ikizipanga kana kwamba ni 30 kamili, picha inakimbia kwa asilimia moja, na kwa dakika moja tofauti ni sekunde 0.6. Sekunde 0.6 kwenye uso wa mtu anayezungumza haivumiliki.

MediaInfo itaonyesha kama idadi ya fremu ni ya kubadilika. Pitisha klipu kwenye HandBrake, ambayo nayo ni ya bure, uchague idadi thabiti ya fremu 30 na ubora wa juu, kisha uhariri hiyo mpya. Fanya hivyo kabla ya kuanza kukata. Ukishakata vipande arobaini ndipo ugundue, utarudia kazi yote.

## Sauti ipo kwenye hedifoni, haipo kwenye simu

Hili linatisha mara ya kwanza, kwa sababu muziki unasikika vizuri lakini msemaji ametoweka, au anasikika kama yuko ndani ya pipa. Maikrofoni au waya wake imeandika njia ya kushoto na ya kulia zikiwa kinyume: wimbi la huku likipanda, la kule linashuka. Kwenye hedifoni kila sikio linapata lake. Spika moja ya simu inapozijumlisha, zinafutana.

Jaribu hivi: geuza mradi usikike kwa njia moja tu, yaani mono. Sauti ikipotea, umempata mhalifu. Tumia njia moja pekee, ya kushoto au ya kulia, ijaze pande zote mbili. Dawa hiyohiyo ndiyo ya sauti inayosikika sikio moja tu.

Sauti ikiwa ndogo kuliko za wengine, usitegemee jukwaa likupandishie. YouTube hushusha zilizo juu ya LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti) na haizipandishi zilizo chini. Mimi hulenga hapo karibu na −14, na kilele kisizidi desibeli −1.

## Mwendo unakatikakatika

Weka klipu ya fremu 25 kwenye mradi wa 30 na programu italazimika kurudia fremu tano kila sekunde. Kamera ikizunguka polepole, jicho linahisi kila mrudio. Chagua idadi ya mradi kulingana na klipu zilizo nyingi, na anayerekodi kwa kamera mbili azilinganishe kabla. Mwendo wa polepole nao unataka fremu za akiba: klipu ya 30 ukiipunguza kasi nusu, unabaki na fremu 15 halisi kwa sekunde. Rekodi kwa 60 au 120.

Mistari inayopanda na kushuka kwenye picha ni ya taa. Umeme wa Hz 50 unataka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, ya sekunde 1/50 au 1/100. Wa Hz 60, 1/60 au 1/120. Baada ya kurekodi, dawa zake ni dhaifu.

## Maandishi yamefunikwa

Jina la akaunti, maelezo, vitufe vya kupenda na kushiriki, vyote hukaa juu ya video yako. Meta, mmiliki wa Instagram, huwashauri watangazaji wa Reels (video fupi zake) waache wazi asilimia 14 ya juu, 35 ya chini na 6 ya kila upande. Kwenye 1080 × 1920 hiyo ni pikseli 269 juu, 672 chini, na 65 kila ubavu. Manukuu ya chini kabisa, yale tuliyozoea kwenye runinga, yanaangukia moja kwa moja kwenye eneo lililofunikwa. Yapandishe, yakae chini kidogo ya katikati ya skrini. Simu nyingi za sasa pia ni ndefu kuliko 9:16, na baadhi ya programu hukata pembeni kidogo ili kujaza skrini. Herufi iliyogusa ukingo itapotea.

## Kutoa faili kunakwama

Angalia inakwama asilimia ngapi, kisha jaribu tena. Ikikwama palepale, mfano 63 kwenye video ya sekunde 60, nenda karibu na sekunde ya 38 kwenye mradi. Utakuta klipu iliyoharibika, athari nzito, au fonti iliyokosekana. Iondoe, toa tena, uone. Ikikwama mahali tofauti kila mara, tatizo ni kifaa: nafasi imejaa, kumbukumbu imeisha, au simu imechemka. Acha nafasi mara mbili ya ukubwa wa faili unalotarajia, chomoa simu kwenye chaji, funga programu nyingine.

Faili likitoka na sauti pekee huku picha ni nyeusi kwenye kompyuta ya zamani, huenda ni H.265, kodeki mpya kuliko H.264. Lifungue kwa VLC. Likionekana, halijaharibika, toa tu nakala ya H.264.

## Mweko mweusi video inapojirudia

Video fupi hujirudia, na kila inapoanza upya skrini inapiga weusi kidogo. Kuza mstari wa muda mpaka uone fremu mojamoja, nenda mwisho kabisa. Mkia wa muziki umezidi picha kwa fremu moja au mbili, na mradi ukaendelea mpaka ulipoishia muziki. Kata mkia huo sawasawa na picha. Ukiwa hapo, tazama na mwanzo: picha ikianza kwa kufifia kutoka gizani, jalada linaweza kuchukuliwa kutoka fremu hiyo nyeusi.

## Imepakiwa YouTube, lakini haikuingia Shorts

Shorts ni sehemu ya video fupi ya YouTube, na vigezo vyake ni viwili. Video iwe ya mraba au ndefu kuliko upana wake, na isizidi dakika 3. Kikomo hicho kilipandishwa kutoka sekunde 60 kwa video zilizopakiwa kuanzia tarehe 15 Oktoba 2024. Inayopita kwa sekunde moja inahesabiwa kuwa video ya kawaida. Na ile stempu katikati ya bahasha, yenye mistari myeusi ndani ya faili la 1920 × 1080, inahesabiwa ya mlalo hata kama mtu aliye ndani yake amesimama wima.

YouTube haikuruhusu kubadilisha faili na kuacha kiungo, watazamaji na maoni mahali pake. Lazima upakie upya na kuanza sifuri. Kwa hiyo pakia kwanza kama video ya faragha, uifungue kwenye simu nyingine, usikilize kwa spika ya simu hiyo bila hedifoni, uache ijirudie mara mbili. Ikipita hapo, ifungue kwa wote.